Mwito wa Tatu

Mimi ndiye ninayevunja shingo. Watu wakisikiliza podikasti yetu, "Taa Ikizimika", wanamsifu mpwa wangu Tirthankar kwa kuandika, wanamsifu Kaka Nirupam kwa sauti yake, na sawa, wanastahili. Lakini pale shingo ya tajiri inapokatika na msikilizaji akamwaga chai yake, hapo ni mimi, Malabika, na mashina mawili ya mchicha niliyonunua asubuhi. Nyayo za maiti kwenye changarawe ni bisi za mchele ndani ya soksi ya marehemu mume wangu. Mlango wa kaburi ni droo ya kabati la mama mkwe, ambalo halijawahi kufunguka kwa amani tangu nilipoolewa. Na ule mchicha nikishauvunja, tunaupika. Sipendi kuona chakula kinatupwa.

Tunarekodi kwangu, Kolkata ya kaskazini, kwenye uchochoro mwembamba kiasi kwamba jirani wa mbele akipiga chafya namwombea afya bila kuinuka kitini. Na turekodi saa ngapi kwenye kelele hizo? Saa nane mchana mpaka saa kumi, basi. Hapo watu wameshakula wali na samaki wao, wamejinyoosha, hata mwuza vyombo anaona haya kupaza sauti. Feni tunazima, maana maiki inasikia feni kabla haijamsikia mtu. Kwa hiyo mizimu yetu yote sitini na tatu imezaliwa mchana wa jua kali, waigizaji wamefunga taulo shingoni, jasho linatiririka, na mimi nimechuchumaa sakafuni na beseni la maji nazamisha watu.

Kaka Nirupam alikuwa ndiye msimulizi, na karibu nusu ya mizimu. Alikuwa na miaka sabini na moja. Arobaini kati ya hiyo aliitumia kwenye michezo ya majukwaa ya vijijini, akicheza wafalme na mashetani mbele ya watu elfu tano bila kipaza sauti. Akiishusha ile sauti chini kabisa, vikombe vyangu vilitetema kwenye rafu. Nilikuwa namwambia, "Kaka, kikombe kikivunjika utanunua wewe," naye ananijibu, "Kikivunjika kwa sauti yangu, kiweke kwenye fremu."

Mwisho wa mvua sauti yake ikaanza kukwaruza. Tukasema mafua. Tukasema tumbaku. Nikamchemshia tangawizi mpaka tangawizi ikaniisha jikoni. Siku moja, Jumanne, akaja na bahasha ya hospitali, akakaa, akaomba chai, akainywa yote ndipo akasema.

"Jumatatu wananikata koo."

"Acha masihara, Kaka."

"Wanatoa kisanduku chote cha sauti. Saratani imekaa humo kama mpangaji asiyetaka kuhama. Nitakuwa napumulia hapa." Akagusa pale chini ya koo, panapofungwa kifungo cha juu. "Kuishi nitaishi, wanasema. Kusema ndiyo basi."

Tirthankar kijana wangu analia upesi, yule. Akageukia dirishani akajifanya anatazama kunguru. "Basi tusimame, Baba mkubwa," akasema. "Podikasti tutaipumzisha."

"Nani kasimamisha?" Kaka Nirupam akang'aka, na ile sauti hata ikiwa imekwaruzika ilijaza chumba. "Kati ya leo na Jumatatu hakuna Jumamosi? Niandikie kimoja cha mwisho. Niandikie cha Nishi. Miaka yote hii mmenipa maiti na wachawi, Nishi hamjawahi kunipa hata mara moja."

Kwetu mtoto anafundishwa habari za Nishi kabla hajafundishwa kunawa mikono. Ukisikia unaitwa jina, usiitikie mpaka uitwe mara tatu. Nishi anaiba sauti ya mtu umpendaye, anasimama nje ya mlango, anakuita. Lakini huita mara mbili tu. Ya tatu haiwezi. Ukiitikia ya kwanza au ya pili, umekwisha: utainuka, utamfuata, na asubuhi wataenda kukuopoa bwawani. Sisi wa mjini tunayacheka hayo. Tunacheka, halafu jina likiitwa tunangoja ya tatu kimyakimya.

Ila kuna mtu mmoja hakuwahi kucheka, naye ni Dada Kanaklata, mkewe Kaka Nirupam. Amekulia kijijini, huko Nadia, nyumba inatazamana na bwawa. Kwake sheria ni sheria, mchana au usiku, jikoni au msalani. Miaka minane sasa presha ya macho imemnyima kuona, na tangu hapo ndiyo kabisa. Sisi tunakunywa chai kwao, Kaka anataka sukari, anaita: "Kanak!" Kimya. "Kanak!" Kimya, unasikia tu dengu zinachezeshwa kwenye ungo. Sisi wote tunanyamaza na vikombe mikononi, maana tunajua kinachokuja. Halafu ya tatu, kwa hasira, mpaka njiwa wanaruka paani: "KANAK, wee!" Na kutoka jikoni: "Nakuja, nakuja! Unaita mke au unaita mbuzi?" Miaka arobaini na sita, kila siku ya Mungu. Uchochoro mzima ulikuwa unaujua wimbo huo.

Basi Jumamosi ikafika, tukazima feni. Tirthankar alikuwa ameandika vizuri, nisimnyime haki yake. Mume kaenda safari, mke yuko peke yake, sauti ya mume inamwita nje ya mlango. Kaka Nirupam alikuwa msimulizi, mume, na Nishi mwenyewe. Katika karatasi mke aliitwa Bimala.

"Huyu Bimala simjui," Kaka akasema. "Nimwiteje kwa mapenzi mtu nisiyemjua? Niacheni nimwite wangu. Sauti itatoka mahali pake."

Tirthankar akakubali. Nikavaa hedifoni, nikainua mkono, Kaka akasogea kwenye maiki. "Kanak," akaita. Jamani. Nywele za mikono zilinisimama, na mimi ndiye mtengeneza vishindo, mimi sishtukagi. "Kanak," ya pili, karibu zaidi, kama yuko kizingitini. Halafu, kwa mazoea ya miaka arobaini na sita, akavuta pumzi akafyatua: "KANAK, wee!"

"Kaka!" nikamfokea. "Nishi haiti mara tatu! Umeniharibia!"

"Ala! Mdomo umejiendea wenyewe." Akacheka mpaka akakohoa. "Tena."

Akarudia. Kanak. Kanak. Na mdomo ukajiendea tena, ya tatu ikatoka, safari hii chini chini, ina uchovu na kicheko ndani yake, kama mzee anayejua kabisa kwamba mkewe amemsikia tangu ya kwanza. Tirthankar akaangua kicheko. Mimi sikucheka. Saa kumi inakaribia, watoto wataanza mpira wao uchochoroni, na mimi nina mtu wa kuzamisha.

"Iache," nikasema. "Nitaikata."

Na nikaikata. Jumapili asubuhi nikakaa na kompyuta, nikakata ya tatu pale pale inapoanza pumzi, safi, hata chawa hapiti. Halafu nikafanya ninachofanya kila Jumapili: nikafagia. Marudio, makosa, vikohozi, vicheko, vyote nafuta kabisa, nabakiza kisa kilichokamilika tu. Tirthankar amenisihi mara ngapi tuviweke, namwambia hii kompyuta si stoo ya bibi yako. Nilikuwa najivunia usafi wangu, nikwambie ukweli. Niliona wenzangu wote wachafu.

Jumatatu wakamkata. Ugonjwa wote umetoka, daktari akasema, tushukuru, tukashukuru. Baada ya wiki tatu akarudi nyumbani na kile kitundu shingoni kimefunikwa kitambaa cheupe. Kisa cha Nishi kilikuwa kimeshakwenda hewani na watu walikuwa wameandika mpaka mkono wa Tirthankar ukachoka kujibu. Mmoja wa Siliguri alisema ameacha kuitikia kwa mkewe kabisa. Tulimsomea Kaka, akatabasamu. Sisi tukadhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Fikiria mwenyewe: nyumba ina watu wawili, mmoja haoni, mwingine hasemi. Kaka aliandika kibaoni kwa chaki, lakini kibao anamsomea nani? Hospitali walimpa kengele ndogo ya shaba. Dada Kanaklata aliisikia siku ya kwanza akasimama jikoni na mwiko mkononi.

"Kengele ni ya kuamshia miungu," akasema. "Mimi nimekuwa mungu lini?"

Akigonga kitanda, Dada anasema labda ni seremala wa chini. Akipiga kofi, labda ni dirisha. Nilikuwa nakwenda kila mchana na mchuzi wa samaki, na kila mchana nilimkuta Dada anapapasa kutoka jikoni mpaka chumbani, anauliza mlangoni, "Upo?" Kaka anagonga mbao. Anarudi jikoni. Baada ya muda kidogo anapapasa tena. "Upo?"

"Dada, si anakugongea?" nikamwambia siku moja.

"Najua kuna mtu, Malabika." Alikuwa anachambua dengu kwa vidole, macho yameelekea ukutani. "Anapumua, anageuka, anakohoa kwa namna nisiyoijua. Hata harufu ni ya dawa. Kwamba ni yeye, hilo nalijuaje? Naambiwa na ninyi tu."

Alisema taratibu, bila kulia, na mimi ndiye niliyekwenda kulia bafuni. Na chumbani Kaka alikuwa anasikia kila neno, ukuta wenyewe ni wa mbao. Akaanza kuacha kula. Kwanza samaki, halafu wali, halafu hata ule mchuzi. Hakugomba, hakusukuma sahani, aliigeuza tu upande akafumba macho. Daktari akasema kidonda kinapona vizuri, ila mwenye kidonda hamsaidii. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kwamba tutamzika mtu aliyepona.

Tirthankar akaja mbio siku hiyo, macho yanang'aa. "Shangazi, tuna sauti yake! Si alimwita kwa jina kwenye kisa cha Nishi? Naitoa, naiweka kwenye simu, Baba mkubwa anabonyeza, sauti inaita. Yake mwenyewe! Tusimwambie Mama mkubwa, tumshangaze."

Nikamkumbatia. Nikambusu kwenye kipaji na jasho lake lote. Wala sikukumbuka. Naapa, sikukumbuka hata kidogo.

Kesho yake mchana tukampa Kaka simu na spika nzuri ndogo. Alipoelewa ni nini, aliketi kitandani kwa mara ya kwanza baada ya siku sita, akanyoosha shati. Sisi tukaenda kusimama jikoni, tunajibana kicheko. Dada alikuwa na ungo wa dengu mapajani.

"Kanak," ikaita kutoka chumbani.

Mkono wake ukasimama ndani ya dengu. Uso ukafunguka, sijui nisemeje, ukafunguka wote. Akanyanyua kichwa.

"Kanak."

Akangoja. Na sisi tukangoja, kama zamani na vikombe vyetu, na ndipo hapo nikakumbuka kwamba hakuna kinachokuja. Nilikuwa nimeikata mwenyewe. Dada alingoja, akangoja, na ule uso ukaanza kujifunga mbele yetu. Mkono wake wa kulia ukaishika bangili ya chuma ya mkono wa kushoto, ile ya ndoa, akaibana.

"Malabika," akanong'ona. "Funga mlango wa chumbani."

"Dada, ni Kaka..."

"Kaka yako hana sauti. Wameikata, ulikuwepo. Nani yuko mle ndani na mume wangu?"

"Ni simu, Mama mkubwa!" Tirthankar akapiga magoti. "Tulimrekodi, ni yeye, sikia," akakimbia chumbani akabonyeza tena. Kanak. Kanak.

"Mbona mara mbili?" Dada alikuwa anatetemeka sasa, dengu zinamwagika sakafuni. "Mbili na mbili ni nne, mwanangu, si tatu. Mume wangu hajawahi kuniita mara mbili akanyamaza. Kile kinachoita mara mbili nakijua tangu nikiwa mtoto. Kiondoeni nyumbani kwangu!"

Ukuta wa mbao, nimeshasema. Nilipochungulia chumbani, Kaka Nirupam alikuwa ameshalala, amegeukia ukutani, spika ameisukumia miguuni. Mkewe alikuwa amemwogopa. Sauti yake mwenyewe, aliyoibakiza duniani, mkewe ameifukuza kama pepo. Tulipomwita hakugeuka.

Niliipekua ile kompyuta kama mwanamke aliyepoteza pete ya ndoa. Hamna. Nilikuwa nimefagia vizuri mno. Tirthankar akasema tunakili ya kwanza, tuipandishe juu kidogo, tuibandike iwe ya tatu. Nikafanya. Kesho yake asubuhi nikamsikilizisha Dada, nikamweleza kila kitu, kwamba ni simu, kwamba ni kisa, kwamba mimi ndiye niliyeikata. Alinisikiliza kwa heshima, akasikiliza na ile sauti.

"Hiyo ni ya kwanza umeirudia," akasema. "Macho ndiyo yameniacha, Malabika. Masikio yapo." Halafu akanipapasa mkono, yeye ananibembeleza mimi. "Usijisumbue. Ya tatu yake ilikuwa na hasira. Hasira hainakiliwi."

Basi mchana ule nikaenda chumbani kwa Kaka, saa nane, uchochoro umelala. Feni ilikuwa inazunguka. Nikakaa kwenye kigoda karibu na mgongo wake nikamwambia.

"Kaka, ni mimi. Ulimwita mara tatu, tena mara mbili ulimwita mara tatu, mimi nikakata, nikafuta. Ile ya pili ilikuwa nzuri kuliko vyote ulivyowahi kurekodi, na mimi nilikuwa nawazia mpira wa watoto. Nimekunyang'anya." Nikashindwa kuendelea, kamasi na machozi vimechanganyika, mtu mzima wa miaka hamsini na sita.

Akageuka. Akachukua kibao, akaandika polepole: ULIKATA VIZURI. NISHI HAITI MARA TATU.

Hapo ndipo nililia kwa sauti. Nililia vibaya, kwa kwikwi, mpaka Kaka akakasirika. Tangu zamani hawezi kuvumilia mwanamke anayelia, anachanganyikiwa, anafoka. Akatupa chaki. Akanyoosha kidole, na midomo yake ikaanza kunikaripia, bila sauti yoyote, maneno mengi, naona kabisa ananiita mjinga. Na katikati ya karipio lile nikasikia kitu.

Nikaacha kulia. Nikainuka nikazima feni.

Miaka sita kazi yangu ni kusikiliza vitu vidogo. Najua tofauti ya bisi za jana na za leo. Na pale, kwenye midomo ya mtu asiye na sauti, kulikuwa na vishindo. Vidogo, vikavu: ulimi ukibandukana na kaakaa, midomo ikiachana. Havikutoka kooni, vilitoka mdomoni, na mdomo hawakumkata.

"Kaka. Mwite."

Akatikisa kichwa, akaonyesha kitambaa shingoni.

"Nimeona. Nimesema mwite. Mimi navunja shingo kwa mchicha, Kaka. Nazamisha watu kwenye beseni. Unaniambia nini mimi habari ya sauti kutoka mahali pake?"

Halafu akanyoosha mkono, si kwangu, kwenye simu. Nilitaka kumpokonya, nilikumbuka dengu zinavyomwagika, lakini alikuwa ameshabonyeza.

"Kanak," ikaita simu.

Jikoni ungo ukasimama.

"Kanak."

Nilisikia bangili ya chuma ikigusa ukingo wa ungo. Nilijua ameibana. Na Kaka Nirupam, mwigizaji ni mwigizaji tu, akangoja. Akaipa ile nafasi urefu wake kamili, kama alivyoipa kila siku miaka arobaini na sita. Akajiinua kwa kiwiko, akakunja uso wote kwa hasira, na mdomo wake ukaita.

K—k.

Ndogo. Vijiti viwili vya kiberiti vikivunjwa. Feni ikiwa inazunguka usingeisikia. Kunguru angekohoa usingeisikia. Lakini ilikuwa saa nane mchana na Kolkata ya kaskazini yote ilikuwa imelala, na jikoni kulikuwa na masikio mawili yaliyokuwa yakingoja hiyo tu.

Kimya. Nilihesabu pumzi zangu. Kaka bado amejiinua, jasho limemjaa kipajini.

"Nakuja, nakuja!" Sauti ikapasuka, nusu kilio. "Unaita mke au unaita mbuzi?"

Ungo ulianguka, dengu zote tena, na nyayo zake zikaja kando ya ukuta upesi kuliko nilivyopata kuzisikia tangu apofuke. Hakuuliza mlangoni kama yupo. Aliingia moja kwa moja akaketi kitandani, akamshika uso kwa mikono miwili, akaweka vidole midomoni mwake.

"Tena," akasema.

K—k.

"Wee mzee, mara tatu zako zimeisha, hii ya nne ya nini?" Na akawa anacheka na kulia, na Kaka anatikisika mabega bila sauti, na mimi nimebana mlangoni sijui nikae au niondoke. Mwishowe nikaona nijitie kazi. Nikaokota simu na spika.

"Dada, leo leo nazitengeneza hizi mbili za mwanzo ziwe safi zaidi. Atakuwa anabonyeza, zinaita, halafu yeye anamalizia."

"Ondoa hiyo simu," akasema Dada Kanaklata, bila kutoa vidole midomoni mwa mumewe. "Mbili za kwanza sijawahi kuzisikiliza hata siku moja. Maisha yangu yote nilikuwa nangoja ya tatu."